Nyumba ya Chambuso Isiyokuwamo Kitabuni

Alikuwapo mtu na nyumba yake, na juu ya mtu na nyumba ilikuwapo serikali. Nchi yenyewe haitajwi jina. Wenyewe wanajijua, na asiyejijua na aendelee kulala.

Mtukufu Kiongozi wa nchi hiyo alikuwa msafiri sana, kwa sababu nchi yake ilipendeza zaidi ukiitazama kutoka juu. Siku moja, akirudi kutoka nchi za baridi, alikuta kijitabu ndani ya mfuko wa kiti cha ndege. Kijitabu kilikuwa na picha. Kilifundisha namna ya kuitambua nyumba ya kuishi kwa kuitazama tu, paa lake, madirisha yake na nguzo zake, kisha ukaitaja kwa jina: hii ni Mtindo wa Malkia, ile ni Kikoloni, ile kule bondeni ni Ranchi. Mtukufu alikisoma kutoka mawinguni mpaka uwanjani. Alipoingia garini akafungua pazia kidogo ili ajijaribu. Nyumba ya kwanza hakuitambua. Ya pili hakuitambua. Akafika ikulu hajatambua hata moja, na moyo wake umejaa wasiwasi.

"Hawa watu," akawauliza mawaziri wake, "wanakaa ndani ya nini?"

Mawaziri wakatazamana. Wao pia walikuwa na siku nyingi hawajapita mitaani.

"Nyumba nisiyoitambua," akasema Mtukufu, "ni nyumba inayonificha jambo."

Basi. Mwezi haujaandama, imeshazaliwa Wizara ya Utambuzi wa Nyumba za Kuishi, ina Waziri, ina manaibu, ina magari meusi yenye vioo visivyoonyesha ndani. Sheria ilikuwa fupi hata mtoto angeishika. Kila nyumba itakuwa na mtindo. Mtindo utakuwa mmoja kati ya saba iliyomo kijitabuni. Nyumba isiyo na mtindo itahesabiwa kuwa haipo, na kwa kuwa haipo, kubomolewa kwake hakutamdhuru mtu yeyote.

Ikatangazwa na namba ya simu, ya bure, ya kuripoti nyumba zenye mwenendo wa kutiliwa shaka. Wananchi waliipokea kwa moyo mmoja. Mtu mmoja aliripoti kwamba nyumba ya shemeji yake mbele ni Kikoloni lakini nyuma haieleweki. Mwingine aliripoti kwamba jirani yake ana mlango anaoupaka rangi mara kwa mara, na kila akipaka anatazama huku na huku. Wa tatu aliiripoti nyumba yake mwenyewe, ili awahi.

Kuhusu Mtindo wa Kikoloni, wazee walisema huo wanautambua bila kitabu.

*

Katika wilaya ya Vunjajungu, Mtaa wa Kwa Mgema, aliishi mgane mmoja aitwaye Chambuso. Shule aliishia darasa la pili. Mwalimu alihamishwa na mwingine hakuletwa, na jambo hilo Chambuso aliwaandikia wakubwa moyoni mwake. Mvua ikichelewa, wakubwa. Mihogo ikioza ardhini, wakubwa. Jino likimuuma alishika shavu akasema, "Hao hao." Na ukimuuliza mkewe, marehemu Mwantumu, alikufa kwa ugonjwa gani, alikupa jibu la neno moja.

"Serikali."

Watu walidhani ni uchungu wa mfiwa, wakamwachia uchungu wake. Miaka sita ilikuwa imepita.

Kazi yake tangu ujana ilikuwa saidia fundi. Alikoroga zege, akabeba tofali, akapandisha maji ghorofani kwa ndoo, na kila nyumba kubwa ya Vunjajungu ilikuwa na jasho lake mahali fulani chini ya lipu. Yake mwenyewe waliijenga yeye na Mwantumu, kila mwaka kipande. Mbele walianza na nyumba ya udongo na fito yenye baraza, kama za wazee wao. Mwaka karanga zilipokubali wakaongeza chumba cha tofali za kuchoma. Paa la mbele likawa bati, la ubavuni likabaki nyasi, maana karanga hazikukubali tena. Jikoni nyuma Mwantumu alitaka msonge, duara kabisa. Chambuso alimuuliza kwa nini, naye akasema moshi ukikosa pembe ya kujificha utatoka wenyewe. Na kweli ulitoka.

Ukuta wa mbele aliukandika Mwantumu kwa mikono yake, udongo mwekundu, na kila mwaka kabla ya mvua za masika aliukandika upya. Tangu afariki, Chambuso hakuugusa. Ulikuwa umeanza kupasuka. Hakutaka udongo wa mtu mwingine uingie mle.

Hiyo ndiyo nyumba ambayo serikali ilikuja kuitambua.

*

Alikuja Afisa Mtambuzi wa Mtaa, Bwana Gervas, viatu vimechongoka, mkononi kijitabu, kwapani kopo la rangi nyekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Nimekuja kuitambua nyumba yako."

"Mimi naitambua. Nenda katambue yako."

Gervas alicheka kicheko cha ofisini, akafungua kijitabu. "Kitabu kinasema tuanze na paa. Mapaa yako haya, mzee, ni mangapi?"

"Ni moja lililochoka."

"Halina mteremko wa kutosha. Theluji ikianguka itakaa hapo juu, itavunja mbao za kenchi."

"Theluji ndiyo nini?"

"Ni barafu. Inaanguka kutoka mbinguni, nyeupe."

Chambuso alitazama mbinguni, akamtazama Gervas. "Na wakubwa wanajua kwamba inakuja?"

"Wamesema tujiandae."

"Basi ndio watakaoileta," akasema Chambuso.

Gervas akaandika. Akazunguka uani, akausimamia msonge wa jikoni kwa muda mrefu, akikigeuza kijitabu huku na huku kana kwamba picha ingejitokeza upande wa pili. Akarudi mbele anajifuta jasho.

"Dohani iko wapi?"

"Dohani?"

"Bomba la moshi. Juu ya paa."

"Moshi unatoka mlangoni kama watu wengine."

"Mzee, usinifanyie mzaha. Mbele imekaa kama nyumba ya mjini, ubavuni imekaa kishamba, nyuma imekaa duara. Nyumba moja, sura tatu. Mtu mwenye sura tatu tunamwitaje?"

"Waziri," akasema Chambuso.

Gervas hakulisikia hilo, au alilisikia akaona ni heri asilisikie. Akafungua kopo, akachovya brashi, akausogelea ukuta mwekundu ili achore X, alama ya nyumba zisizokuwepo.

"Hapo hapana!" Chambuso alisimama mbele ya ukuta, mikono ameitandaza. "Chora mlangoni. Chora batini. Nichore mimi kifuani. Ukuta huo usiuguse."

Afisa alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa amefundishwa semina nzima kwamba mwananchi anapozuia sehemu moja ya nyumba isikaguliwe, hapo ndipo penye jambo. Akaandika kitabuni mwake, na kwa herufi kubwa: UKUTA UNA SIRI. X akaichora mlangoni.

"Jumamosi ijayo tingatinga linapita mtaa huu," akasema. "Ukipata mtindo kabla ya hapo, niite. Mimi si mtu mbaya, mzee."

"Wabaya huwa hawaji na kopo," akasema Chambuso. "Huwa wanamtuma mtu."

*

Jirani yake, Bi Asumini mkaanga vitumbua, alikuwa ameshapata cheti. Mtindo wa Malkia, daraja la pili. Alikuja kumpa pole akiwa na sahani mkononi.

"Wewe na ubishi wako, Chambuso. Si ungeweka dohani kama mimi?"

Chambuso alilitazama paa la Bi Asumini. Pipa la mafuta lilikuwa limesimamishwa juu yake, limepakwa chokaa.

"Jiko lako si liko uani, jirani?"

"Liko uani."

"Sasa lile pipa limeungana na nini?"

"Halijaungana na kitu. Linakaa tu pale juu, kama mbunge wetu. Kula kitumbua."

Chambuso alikula. Bi Asumini akaketi barazani, akautazama ukuta mwekundu na nyufa zake, na sauti yake ikashuka.

"Mwantumu angekuwepo angekwambia weka pipa, yaishe. Ukitolewa hapa utakwenda wapi? Kwa mwanao hakuna nafasi. Na kaburi lake liko hapo nyuma. Watapitisha tingatinga juu yake wakisema halipo."

"Najua."

"Unajua, halafu unakaa."

"Nikae wapi? Serikali haiji kwa mtu na kitabu mkono mmoja bila gunia mkono wa pili. Kitabu nimekiona. Nangojea nilione gunia."

Gunia lilikuja siku ya tatu, ndani ya gari la Mkuu wa Wilaya.

*

Mkuu wa Wilaya, Bwana Tindwa, alikuwa hajawahi kufika Mtaa wa Kwa Mgema. Alipouona alisikitika kwa niaba ya serikali. Alikataa kiti, akakubali kiti, akaketi kwenye ncha yake.

"Mzee wangu," akaanza, "serikali yako inakupenda."

"Tangu lini?"

Bwana Tindwa alicheka, walinzi wake wakacheka, Gervas aliyekuwa nyuma yao akacheka mwishoni kabisa. Kisha Mkuu akaeleza. Mwandishi wa kile kijitabu, mama wa heshima kutoka nchi za baridi, alikuwa amesikia kwamba kuna nchi kitabu chake kimefanywa sheria. Hajaamini. Anakuja kuona kwa macho yake, na Waziri mwenyewe anamleta Vunjajungu, Ijumaa, kuitazama nyumba ya Mkuu wa Wilaya, ambayo ni Mtindo wa Malkia mtupu, kuanzia msingi hadi kilele.

"Hongera," akasema Chambuso.

"Sasa kuna kanuni ndogo." Mkuu akakohoa. "Kanuni ya Shahidi."

Kanuni hiyo ilitungwa baada ya viongozi kuanza kutiliana shaka. Kila kiongozi alikuwa amejitangazia Mtindo wa Malkia, hata aliyekaa kwenye nyumba ya kupanga. Ndipo Wizara ikaamua kwamba nyumba ya kiongozi itatambuliwa hadharani na mtu aliyeijenga kwa mikono yake, na neno la mtu huyo litaandikwa kama lilivyo, halitafutwa. Waliona ni jambo jepesi. Mafundi ni watu wa kuagizwa.

Lakini fundi mkuu wa nyumba ya Bwana Tindwa alikuwa amekufa. Fundi rangi alikuwa amevuka mpaka akakataa kurudi. Mkandarasi aliyesimamia kazi alikuwa mheshimiwa sasa, na hakupenda kukumbushwa. Daftari la vibarua lilibaki na jina moja la mtu aliye hai, na mbele ya jina hilo alama ya dole gumba.

"Dole lako, mzee wangu."

"Langu."

"Utasimama mbele ya kipaza sauti. Utasema maneno matano tu: 'Hii ni Mtindo wa Malkia.' Hata sita sikuombi. Na mimi nitasimama papo hapo nikukabidhi cheti cha nyumba yako, tumeshakuandalia. Tutakuweka kwenye Ranchi."

"Ng'ombe sina."

"Ranchi ni jina tu. X itafutwa, tingatinga litapinda kona. Utaishi hapa mpaka Mungu akuite." Akainama mbele. "Nyumba yangu unaikumbuka vizuri? Madirisha yale makubwa?"

"Nayakumbuka."

"Mazuri, eh?"

"Mazito," akasema Chambuso.

Bwana Tindwa alimtazama kwa jicho la mtu anayetafuta kitu mfukoni asijue ni nini. Hakupenda jibu lile, lakini halikuwa na kosa ndani yake. Akasimama, akakung'uta suruali.

"Kwa hiyo tumeelewana?"

"Na nisiposema, nyumba yangu itakuwaje?"

"Mzee wangu," akasema Mkuu wa Wilaya kwa upole mkubwa, "nyumba gani?"

*

Siku mbili Chambuso hakutoka nyumbani. Bi Asumini alipita mara nne, na mara zote nne alimkuta ameketi barazani, ameegemea ule ukuta, anasogeza midomo.

"Unafanya nini?"

"Najifunza maneno matano."

"Haya, nisomee."

"Hii ni Mtindo wa Malkia."

"Si rahisi hivyo? Umeshaponyoka!" Akapiga makofi, unga wa mchele ukaruka mikononi mwake. "Yaseme, chukua karatasi yako, urudi nyumbani ulale. Uongo mmoja kwa serikali si dhambi, ni salamu."

Chambuso akautazama mlango wake wenye X. Alimjua Mwantumu. Angesema vilevile. Alikuwa mwanamke wa kukandika ufa kabla haujawa tundu, si wa kukaa akiutazama.

"Nitayasema," akasema. Na alikusudia hivyo.

*

Ijumaa ilifika na jua lake. Uwanjani kwa Mkuu wa Wilaya lilisimamishwa turubai kwa ajili ya wageni, na kwa ajili ya wananchi likasimamishwa jua. Nyumba yenyewe ilikuwa imepakwa rangi asubuhi hiyo hiyo, na dohani nne zilikuwa zimeongezwa. Ndani ya mojawapo kibarua alikuwa ameingizwa na moto wa majani mabichi, ili moshi utoke kwa heshima. Alisikika akikohoa kila mara.

Mgeni alikuwa mama mwembamba, mzee kiasi, ana kofia pana na daftari dogo. Alizitazama dohani, akalitazama jua, akazitazama tena dohani. Alionekana kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa katika mji asioujua.

Waziri wa Utambuzi alihutubia kwanza.

"Ndugu wananchi! Nyumba ni paa, na paa ni taifa! Taifa lisilojua mteremko wake litaanguka upande gani? Nauliza: upande gani?" Akangoja. Hakuna aliyejua. "Tulikuwa gizani, tukilala katika nyumba tusizozitambua, tukiamka katika nyumba zisizotutambua. Leo asilimia tisini na tisa ya nyumba za nchi hii zina majina. Na ile moja iliyobaki, tunaifahamu, tunaifuatilia, na tutaifikia!"

Makofi. Waziri akaketi, akatoa simu yake, na kuanzia hapo hakuwa nasi tena.

"Namwita Shahidi," akatangaza mshereheshaji. "Fundi mzalendo, Mzee Chambuso!"

Alipanda jukwaani amevaa shati lake la sikukuu. Mkuu wa Wilaya alikuwa amesimama pembeni, cheti mkononi, kimefungwa utepe. Mkalimani akasogea karibu na mgeni. Katibu wa Wizara akafungua kitabu kikubwa cha kumbukumbu, akashika kalamu. Chambuso akageuka aitazame nyumba, kama alivyoelekezwa.

Madirisha manane yalikuwa yanamtazama. Yalikuwa yameoshwa.

"Hii ni," akasema. Kipaza sauti kikalia. Akangoja kinyamaze. "Hii ni."

Bwana Tindwa akaitikia kwa kichwa kumtia moyo.

"Hii ni nyumba niliyoifanyia kazi," akasema Chambuso. "Zege lake nimelikoroga mimi. Simenti ya msingi ilikuja na mifuko ina jina la shule yetu. Mabati yalikuwa ya zahanati, ndiyo maana zahanati yetu imeezekwa turubai. Hayo mnayajua wote, si mageni. Sasa madirisha. Madirisha haya yaliletwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, ndani ya gari la wagonjwa. Yamefungwa mablanketi ya wodini. Niliyapokea mimi, kwa mikono hii. Msimamizi akatuambia, polepole, vioo hivyo havitaki mtikisiko. Tukavibeba polepole. Tukavilaza kivulini. Mimi nikavipepea vumbi."

Mkuu wa Wilaya alipiga hatua moja mbele, kisha akakumbuka mgeni, akarudi nusu hatua. Akatabasamu na meno yote.

"Asubuhi ile nilimwacha mke wangu anasema tumbo linamkata. Akaniambia nenda kazini, litatulia. Halikutulia. Watu wakaenda kuliomba gari, wakaambiwa lipo kwenye safari ya kikazi. Mimi sikujua. Mimi nilikuwa kwenye kazi yenyewe."

"Ilikuwa Jumanne!" Sauti ilitoka upande wa jua. Bi Asumini alikuwa amesimama, kanga imemwanguka begani hana habari nayo. "Kweli ilikuwa Jumanne! Niliyekwenda kuliomba ni mimi! Nilikaa kwenye ngazi za zahanati mpaka adhuhuri!"

"Nilipofika nyumbani," akasema Chambuso, "walikuwa wameshamfunika. Huo ndio mtindo wa nyumba hii. Kitabuni jina lake silijui."

 Ndani ya dohani yule kibarua akakohoa.

Mgeni alimgeukia mkalimani. Mkalimani, kama alivyokuja kusema mwenyewe baadaye, ni baba wa watoto watano na mwajiriwa wa mkataba. Akamwambia mgeni kwa lugha yake kwamba mzee amekiri ni Mtindo wa Malkia, na amesifu hasa madirisha, jinsi yalivyoletwa kwa uangalifu, na mwanga yanaouingiza. Mgeni akayatazama madirisha, akampigia mzee makofi. Turubai zima likapiga makofi. Waziri naye akapiga, simu ikiwa magotini.

Chambuso alikuwa amejiandaa kwa kila kitu: pingu, kofi, tingatinga. Makofi hayakuwamo katika hesabu yake. Alisimama pale, mikono imelegea, akiyatilia shaka kuliko alivyotilia shaka kitu chochote maishani.

Bwana Tindwa alimsogelea, bado ametabasamu, akasema bila kufungua meno, "Umekwisha, mzee. Leo leo." Cheti akakiingiza ndani ya koti. Kwa jicho akamwita Gervas, na Gervas akaanza kupenya kati ya viti kuelekea lilipoegeshwa tingatinga.

Lakini yule mama wa kofia alikuwa bado ana swali. Alikuwa ameona jambo: kwamba watu wote waliokaa juani walikuwa wanamtazama mzee, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaitazama nyumba. Akauliza, na mkalimani akatafsiri, safari hii kama lilivyo, kwa kuwa halikuwa na hatari: "Mgeni anataka kujua, wewe fundi, nyumba yako mwenyewe ni ya mtindo gani?"

Chambuso alifikiria pipa la Bi Asumini. Alifikiria ng'ombe wa Ranchi asiokuwa nao.

"Ya Mwantumu," akasema.

Mkalimani alisita. Jina ni jina, halitafsiriki. Akampa mgeni kama alivyolipokea: Mtindo wa Mwantumu. Mgeni akafungua kijitabu chake mwenyewe, akapekua kurasa zake mwenyewe, hakuuona. Hakuona haya. Uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini, akatoa kalamu, akaandika, kisha akamgeukia Waziri na swali.

Nyumba ya Chambuso ipo mpaka leo, na mlango wake una X mpaka leo, na aliyeiokoa si mwingine bali ni Waziri. Maana katika nchi hiyo jambo alilolitamka Waziri mbele ya mgeni huandikwa kitabuni, na lililoandikwa kitabuni halibomolewi na Mkuu wa Wilaya. Gervas alikuwa ameshafika kwenye tingatinga, mguu mmoja uko juu, alipoitwa arudi.

Mkalimani aliuliza hivi: "Mheshimiwa, mgeni anasema, hizo nyumba za Mtindo wa Mwantumu, hapa nchini zipo nyingine?"

Waziri aliinua uso kutoka kwenye simu. Hakuwa amesikia neno hata moja tangu hotuba yake iishe. Lakini alikuwa kiongozi mzoefu, na mbele ya mgeni alikuwa hajapata kusema sijui. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akavuta kipaza sauti, na sauti yake ikafika mpaka kwa watu wa mwisho kabisa waliokaa juani, nao wote wakamsikia.

"Zipo nyingi sana," akasema. "Ziko kila wilaya. Na serikali yetu, mwaka hadi mwaka, inaendelea kuziongeza."

Katibu akaandika kama ilivyo.